Sukari ya Lumino

Kitambaa cha Taaka kilikuwa na pembe nne, na kila pembe ilikuwa na fundo lake la pesa. Fundo la kwanza lilikuwa la unga na mboga. La pili lilikuwa la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. La tatu lilikuwa la Krismasi yenyewe, yaani mchele kidogo na nyama ya siku moja, kwa sababu Mkristo hawezi kula kunde siku aliyozaliwa Bwana halafu akawatazama majirani machoni. Fundo la nne lilikuwa la Lumino, la kumpelekea mama yake sukari, na hilo halikuguswa hata siku unga ulipokwisha.

Mumewe, Egesa, alibeba mifuko katika kiwanda kipya cha saruji cha Tororo. Jioni alirudi mweupe tangu nywele hadi kucha, akakohoa, akaoga, akawa mtu tena. Siku ya mshahara alikaa juu ya kitanda akimtazama mkewe anavyogawa zile sarafu, na ni yeye mwenyewe aliyesema, "Hilo la nne lifunge kwa nguvu, mama Specioza. Mwaka huu utakwenda."

Mwaka jana alisema vilevile, na mwaka juzi pia.

Taaka hakuwa amekanyaga kwao tangu aolewe. Lumino si mbali na Tororo. Lori likiondoka mchana, jioni umefika. Kilichomzuia ni kikapu. Kwa Wasamia binti aliyeolewa akirudi kusalimia, watu hutazama kikapu chake kabla ya uso wake. Wanataka kuona sukari, majani ya chai, mche wa sabuni, na kama mume ni mwanamume kwelikweli, kanga. Akija mikono mitupu, jina la mume wake litafuliwa kisimani pamoja na nguo mpaka mwaka mpya. Na mama yake hangeweza kumfuata. Mama mkwe haingii nyumba ya mkwewe wala hali chakula kilichopikwa katika chungu chake. Wakikutana njiani, mama hujifunika kichwa na kugeukia vichakani mpaka mkwe apite. Kwa Egesa heshima hiyo ilikuwa nzito zaidi, maana ng'ombe dume mmoja wa mahari alikuwa bado hajafika Lumino.

Kwa hiyo ilikuwa lazima Taaka aende, na hakuweza kwenda bila kikapu, na kikapu kila mwaka kililiwa kabla hakijajaa. Mara ya kwanza kilikwenda kwenye kodi ya kichwa. Mara ya pili kilikwenda kwenye homa ya Specioza, ambaye bibi yake hajawahi kumpakata. Taaka alimtamani mama yake hadi ikawa kama ugonjwa. Akiwa bombani, akisikia mwanamke anamwita mtoto kwa sauti ya kukwaruza kama ya mama yake, aligeuka, na ndoo ikajaa na kumwagika miguuni pake.

*

Mangeni alifika Desemba ilipoanza kupamba moto, akasema amepita tu. Alikuwa kaka mkubwa wa Egesa, mtu wa Busia, mwenye kofia nzuri na maneno mengi. Lakini alikuwa na mkeka kwapani, na mtu anayepita tu habebi mkeka.

Mangeni hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa Taaka. Alimrusha Specioza hewani mpaka mtoto akacheka kwa kwikwi. Alisimulia habari za Busia, nani ameoa, nani amekamatwa na askari wa mpakani akivusha kahawa, na huku akisimulia alitia sukari katika chai yake, kijiko baada ya kijiko, bila kutazama. Taaka alitazama kwa niaba yake. Kila kijiko alikihesabu.

Sukari ya nyumbani ilipokwisha, hakufungua fundo la nne. Alipika uji wa wimbi, akaukamulia ukwaju, akampelekea shemeji yake kwa magoti mawili kama inavyopasa. Mangeni alionja, akaweka kibuyu chini taratibu.

"Shemeji, ni nani mgonjwa humu ndani?"

"Hakuna mgonjwa, shemeji. Sote wazima."

"Basi mbona mnaninywesha dawa?"

Egesa alicheka, halafu akaona haya. Jioni alimfuata mkewe jikoni, yaani kwenye mafiga matatu nyuma ya nyumba.

"Mama Specioza, yule ni kaka yangu. Atarudi Busia aseme nini?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Jembe la kulima wapi? Tunakaa chumba kimoja na nje ni vumbi la saruji."

"Basi hata jembe hatuna," Taaka alisema. "Baba Specioza, fundo la tatu kaka yako amekwisha lifungua kwa meno yake. Mchele wa Krismasi ameula. La nne si lake, na si lako pia."

"Nimekwambia nalitaka?"

"Sijasema umeniambia."

Egesa alikohoa, akarudi kwa kaka yake.

*

Duka la Hamuza lilikuwa karibu na stesheni. Siku hizo lilijaa watu mpaka mlangoni, na juu ya kaunta sukari ilipangwa katika karatasi za buluu. Taaka alisubiri zamu yake akiwa na mtoto mgongoni. Zamu ilipofika, mpishi wa Mzungu mmoja wa kiwandani aliingia na kanzu yake iliyopigwa pasi, akapitisha mkono juu ya bega la Taaka, akaagiza sukari, zabibu kavu, unga wa ngano na siagi ya kopo. Hakuuliza bei hata ya kitu kimoja. Watu walimpisha, na Hamuza mwenyewe alimfungia mzigo kwa kamba.

"Sasa wewe, mama Specioza," Hamuza alisema baadaye kwa Kiswahili chake cha dukani, akipangusa jasho. "Leo nanunua ama nakuja kuangalia tu?"

"Ratili ya sukari ni bei gani?"

Hamuza alitaja bei. Taaka alidhani amekosea.

"Juzi haikuwa hivyo, mzee Hamuza."

"Juzi Krismasi ilikuwa mbali. Sasa wewe nataka, yule nataka, wote nataka. Mimi siko na kiwanda ya sukari. Krismasi yenyewe si yangu, lakini bei ndiyo yangu."

Watu wakacheka. Taaka alicheka nao ili asionekane ameumia. Alipiga hesabu kichwani. Kwa bei hiyo kanga ilikwisha kufa, na majani ya chai yalikuwa mahututi, lakini sukari na nauli ya lori bado vilipumua.

"Nikikulipa leo, utaniwekea hapa mpaka siku ya kuamkia Krismasi? Nitaichukua nikienda kupanda lori."

"Kwa nini hupeleki nyumbani?"

Taaka alikaza mbeleko. Angesemaje mbele za watu kwamba sukari ikiingia nyumbani kwake huota miguu?

"Niwekee tu, mzee."

"Hapana, mama. Panya nakula kidogo, halafu kesho unasema Hamuza alipunguza. Siku ya safari kuja na pesa, nakupimia mbele ya macho yako. Hiyo ndiyo usalama yangu na yako."

Basi akarudi nyumbani na fundo lake. Wanawake waliokuwa nyuma yake walinong'ona kwamba mke wa Egesa huuliza bei kisha haachi hata senti. Aliwasikia, nao walikusudia asikie.

*

Siku ya kuamkia Krismasi Taaka aliamka akiwa mwepesi. Jamiru, dereva wa lori la samaki, angeondoka kwenda Majanji ziwani baada ya sala ya adhuhuri, na njia yake hupita Lumino. Alimwogesha mtoto, akamvika gauni lililobaki kuwa zuri, akaingiza kitambaa chini ya godoro, akaenda bombani kuoga na kuwatekea wanaume maji ya siku mbili. Foleni ilikuwa ndefu. Kila mtu alitaka kuwa safi Bwana akizaliwa.

Aliporudi, Mangeni alikuwa ameketi mbele ya nyumba na wanaume wawili wa kwao wanaofanya kazi relini. Walimwamkia kwa furaha kubwa, furaha ya watu waliokwisha sikia harufu. Taaka aliisikia pia. Alizunguka nyuma ya nyumba na kumkuta Egesa amechuchumaa mbele ya mafiga, anachochea kuni. Tangu aolewe hakuwahi kumwona akishika kuni. Chunguni nyama ilikuwa inachemka na vitunguu, nyama nyingi, ya paja.

Aliingia ndani, akainua godoro. Pembe ya nne ilikuwa imekunjamana pale fundo lilipokaa kwa wiki nyingi, na haikuwa na kitu.

Alitoka na kitambaa mkononi. Alisema kwa sauti ya chini kwa sababu ya wageni, maana hata mwenye hasira huchunga nyumba yake.

"Baba Specioza. Umenifanyia nini?"

Egesa aliutazama moto. "Kaka alikwisha waalika. Aliwaambia kwa mdogo wake Krismasi kuna nyama. Nikiwapa kunde nitapita wapi?"

"Wangekula kunde. Kunde haziui."

"Mshahara ujao nitarudisha. Utakwenda Pasaka."

"Pasaka nayo ina kaka yake." Taaka alikaa chini, mikono juu ya magoti. "Mama yangu atadhani nimekufa."

"Hawezi kudhani hivyo. Anajua uko hapa Tororo."

"Ajuaje, na hakuna anayefika kwake kutoka hapa?"

Egesa alisukuma ukuni uliokuwa umekaa vizuri, akauharibu. Taaka alimtazama mpaka akashindwa kuvumilia kutazamwa.

"Alikuja," Egesa alisema.

"Nani alikuja?"

"Mkwe. Mwezi wa kumi, siku ya soko. Nilikuwa natoka zamu, napita kwa wauza samaki, nikamsikia anauliza watu, 'Taaka wa Egesa anakaa wapi? Taaka wangu anakaa wapi?' Nikasimama, nikisubiri ajifunike na kugeuka ili nipite kwa heshima. Hakujifunika. Alinitazama hivi, usoni, akaanza kunijia moja kwa moja na fimbo mkononi. Mama Specioza, mkwe gani humwendea mkwewe uso kwa uso? Nikajua amekuja kudai dume lake mbele ya soko zima, na fimbo ni ya kunichapa. Nikarukia nyuma ya magunia ya wimbi, nikalala pale mpaka sauti yake ikapotea."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambiaje? Kwamba mama yako amekosa adabu? Au kwamba mimi mwanamume mzima nimelala nyuma ya magunia?"

Taaka hakusikia mengine. Mama yake alikuwa ametembea katika soko la Tororo akiita jina lake, akitafuta nyumba ambayo desturi inamkataza kuingia, na yeye alikuwa hapa, labda bombani, labda anahesabu senti za sukari. Alilia bila kujificha. Egesa alinyoosha mkono wenye majivu, halafu akaurudisha.

Mangeni alitokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa amesikia, na uso wake ulikuwa umepoteza maneno yake mengi.

"Shemeji," alisema, "sikujua pesa hizo zilikuwa za mama. Mchukulie basi kipande cha paja. Kipo kizuri."

"Nyama ya chungu cha mkwe wake, shemeji? Aile ili iweje?"

Mangeni alilijua hilo, kama Msamia yeyote. Alivua kofia, akaigeuzageuza, akaivaa tena.

Taaka alijifunga Specioza mgongoni. Egesa alimfuata mpaka njiani, mikono ingali na majivu.

"Unakwenda wapi?"

"Lumino."

"Bila kitu? Watasema nini juu yangu wakiona kikapu kitupu?"

"Sibebi kikapu," Taaka alisema, akaenda.

*

Lori lilikuwa limejaa wanawake, na kila mwanamke alikuwa na mzigo mapajani. Kulikuwa na mikate, miche ya sabuni, sukari katika karatasi za buluu za Hamuza. Jamiru alikuwa akipokea nauli mlangoni, kofia yake ya sala bado kichwani.

"Pesa, mama."

"Sina, Jamiru. Niliyokuwa nayo imepikwa."

Jamiru alimtazama, akatazama macho yake yaliyovimba, akatazama mtoto. "Na mzigo?"

"Hakuna mzigo."

"Wewe nakwenda kwenu Krismasi bila mzigo?"

Hata dereva wa samaki alijua. Taaka aliinamisha kichwa, akangoja kufukuzwa.

"Kaa hapa mbele na mimi," Jamiru alisema. "Huko nyuma watakumaliza na maswali. Mtoto asinitapikie tu."

Walipita Busia jua likiwa bado kali, wakashika barabara ya ziwani. Kila walipovuka kijito Taaka alikikumbuka, na kila alipokumbuka alizidi kuogopa. Alitunga maneno ya kusema, akayaacha, akatunga mengine. Mama, mwaka ulikuwa mbaya. Mama, kikapu kinakuja. Mama, nisamehe. Hakuna hata moja lililofaa. Miaka hiyo yote alikuwa amejipatia picha moja, ya mama yake akipokea sukari kwa mikono miwili na kuita majirani waje waone. Sasa ilimbidi aivunje mwenyewe, na aliona bora kuivunja kuliko kukaa tena Tororo akiitunza.

Kisimani Lumino wanawake waliacha kuteka maji.

"Si Taaka huyo?"

"Ndiye. Karibu, Taaka. Kikapu kinaletwa na bwana nyuma?"

"Kikapu hakiji," Taaka alijibu, akaendelea kutembea. Nyuma yake kimya kilikuwa kifupi, halafu mazungumzo yakaanza.

Mama yake alikuwa ameketi mbele ya nyumba, ungo mapajani, akichambua maharagwe. Amekuwa mdogo. Nyumba pia imekuwa ndogo. Taaka alisimama penye lango la ua. Alitaka mama amwone kwanza, amkaribishe au amfukuze, ili ajue la kufanya.

Mama aliinua uso. Alitazama moja kwa moja pale Taaka aliposimama, kitambo kizima, jua la magharibi likimpiga usoni. Kisha akainama, akaendelea na maharagwe yake.

Basi imekwisha, Taaka aliwaza. Ameona mikono yangu. Alishika nguzo ya lango, na mtoto mgongoni akaanza kunung'unika.

Vidole vya mama vilisimama.

"Nani hapo? Agwang, umekuja na mtoto wa nani?"

Taaka alipiga hatua moja. Mama alikuwa bado anamtazama, na macho yale, sasa aliyaona, yalikuwa na ukungu mweupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Ni mimi, mama. Ni Taaka."

Ungo ulianguka, maharagwe yakatawanyika uani pote. Mama alinyoosha mikono mbele akitafuta hewani, na Taaka akapiga magoti katikati ya maharagwe na kuiingia mikono hiyo. Specioza ndiye aliyelia kwa niaba yao.

"Mwezi wa kumi bado nilikuwa naona kivuli cha mtu," mama alisema hatimaye, akimpapasa kichwa. "Nikamwambia Agwang jirani anipeleke Tororo nikuone, kabla na kivuli hakijaondoka. Alinisimamisha kwa wauza samaki, akaenda kuuza kuku wake. Niliuliza kila aliyepita. Kuna mmoja alisimama mbele yangu kabisa, nikasema huyu ana huruma, nikamfuata nimuulize. Nikasikia magunia yanaanguka tu." Akacheka kidogo. "Watu wa Tororo wana haraka."

Taaka hakumwambia alikuwa nani.

"Nilikuwa nataka kukuletea sukari, mama. Kila mwaka. Sikutaka kuja mikono mitupu, na hata leo sikuleta kitu."

"Sukari," mama alisema. Alilitaja neno hilo polepole. Halafu akauliza, "Huyu ndiye mtoto?"

"Ndiye. Specioza."

Mama alimpapasa mtoto paji la uso, mashavu, akakaa kwenye pua. Mtoto alinyamaza kwa mshangao.

"Anafanana na nani?"

Taaka alitaka kusema, mtazame mwenyewe. "Na baba yake," alisema.

"Pua ni ya kwetu." Mama alimwacha mtoto, akarudi kwa binti yake. "Na wewe? Huko kwa watu wa mshahara umenenepa?"

"Nimenenepa, mama."

Vidole vikashuka polepole, kutoka shavuni hadi shingoni, kutoka shingoni hadi begani, vikaukuta mfupa wa mtulinga umesimama peke yake chini ya gauni. Vikatulia hapo.

"Ndiyo," mama akasema. "Umenenepa kweli."